Jabiri, paladini kasema uongo

Jabiri mwanangu,

Za siku nyingi? Huku wote wazima. Mama yako nilimkuta Kariakoo na kikapu kikubwa kuliko yeye, akaniuliza kama unakula vizuri huko Milwaukee, nikamjibu unakula. Kama huli, hayo ni yako na yeye. Khadija kajifungua mtoto wa kiume na mpaka leo pande mbili zinagombea jina. Salamu nyingine zitajileta huko chini, maana kuna jambo limenikaa rohoni na Jumamosi haiko mbali.

Zuhura kasema uongo. Siyo Zuhura mwenyewe, huyo konda akimzidishia chenji anairudisha. Nasema Mwanaisha wa Minara, mhusika anayemchezea kwenye Dungeons & Dragons yetu, paladini, yaani shujaa wa upanga aliyefungwa na kiapo kitakatifu.

Ngoja nikupange. Tangu uniachie kiti cha msimulizi pamoja na lile daftari lako lenye madoa ya chai, nimewapeleka kusini, kwenye yale mashamba ya chumvi uliyoyachora ukayaacha bila maelezo. Wametorosha watoto watano wa watumwa, wamewaficha kwenye mkokoteni chini ya magunia ya unga, na wanataka kupita Lango la Chumvi kabla hakujapambazuka. Umeme ulikuwa umekatika, tunacheza kwa mshumaa na tochi ya simu ya Mwaipopo, kwa hiyo hata mimi niliyeitunga hofu ilinishika. Mkuu wa lango anatoka na taa. Anamtambua Mwanaisha kwa ule mwenge aliouchora kifuani. Anamuuliza kwa adabu kabisa: “Dada, umewaona watoto waliotoroka mashambani?”

Mimi nilishajiandaa kwa mapigano, dadu mkononi. Mwaipopo akamnong’oneza Zuhura ajibu kwamba hajaona mtumwa yeyote, kwa hoja kuwa kwake yeye hakuna binadamu aliye mtumwa, basi uongo haupo. Unamjua Mwaipopo, angekuwa wakili tungekoma. Zuhura akamkata jicho. Akanitazama mimi usoni, akasema: “Sijawaona.” Mkuu wa lango akainamisha kichwa, akafungua, mkokoteni ukapita na gunia hata moja halikuguswa.

Mushi akaweka glasi ya ukwaju mezani. “Umeanguka,” akamwambia.

Basi, mchezo ukafia hapo. Tukabaki kubishana tu mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Mushi anataka Mwanaisha anyang’anywe kila kitu usiku ule ule: kuponya kwa kuwekea mikono, pigo la kimungu, farasi, vyote, abaki mpiganaji wa kawaida mwenye deraya ya kung’aa. Zuhura anasema ajaribu amwone. Mwaipopo anakula karanga. Kesho yake alfajiri Mushi akanitumia picha za kurasa za kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, sehemu alizozipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Unamjua akishika kitabu.

Nimezisoma mpaka macho yakauma, na nikuambie, watu wanaosema Gary Gygax, mwandishi wa kitabu hicho, alikuwa mkali bila akili huwa wanaishia katikati ya aya. Ukali upo, sikatai. Paladini wa mwaka ule lazima awe binadamu, lazima awe mwema na mfuata utaratibu, haiba yake isipungue 17. Ukirusha dadu tatu za pande sita kama walivyokuwa wakifanya mwanzoni, matokeo ya 17 au 18 ni manne tu kati ya 216, yaani mtu mmoja kati ya 54. Halafu ukishampata huyo mmoja, haruhusiwi kumiliki zaidi ya vitu kumi vya kimazingaombwe, anatoa fungu la kumi, na wenzake wa safari wanachunguzwa tabia. Ni utawa wenye upanga.

Lakini soma alivyoligawa kosa. Paladini akitenda uovu kwa kujua na kwa kutaka, amekwisha, hadhi imeondoka na hairudi. Akitenda jambo la kuvunja utaratibu, hiyo ni njia nyingine: anamtafuta kasisi wa ngazi ya saba au zaidi, mwema na mfuata utaratibu kama yeye, anaungama, anapewa kitubio, anaendelea na kazi. Makosa mawili, milango miwili. Sasa niambie, kuwadanganya wawindaji wa watoto ni uovu? Labda kwa Mushi na kalamu yake nyekundu. Kwa kitabu alichonitumia mwenyewe, hata tukimbana Mwanaisha mpaka mwisho, anadaiwa maungamo tu. Mushi amenitumia kurasa za kumshtaki mwenzake, kumbe dhamana imo humo humo! Na huyu ndiye aliyekuwa akitumikia misa kila Jumapili, neno kitubio lilimpitaje?

Nilipomwambia hivyo akanyamaza siku nzima. Halafu akajibu: “Sawa, lakini tunacheza toleo jipya.” Umeona? Alikimbilia kitabu cha kale, kilipomgeuka akakumbuka kuwa tuna kipya.

Haya, kipya. Tunatumia kile cha 2014, unakijua kuliko mimi. Pale paladini hafungwi na mwelekeo wake wa maadili, anafungwa na kiapo. Ile nafasi ya mwelekeo kwenye karatasi ya mhusika ipo, unaandika “mwema”, “wa utaratibu”, chochote, na hakuna dadu itakayobadilika kwa sababu yake. Zuhura alichagua Kiapo cha Kujitoa, chenye mambo matano: ukweli, ujasiri, huruma, heshima, wajibu. La kwanza linasema usidanganye wala usihadae. La tatu linasema walinde wanyonge. Sasa pale langoni hayo mawili yalizungumza kwa wakati mmoja, kila moja likivuta upande wake, na Zuhura akalisikiliza moja. Mushi amekariri la kwanza. La tatu analisoma kama tangazo la redio.

Na hata hapo kitabu hakisemi aanguke. Kinasema aliyeteleza humwendea kasisi wa imani yake au paladini mwenzake, pengine akeshe usiku kucha akisali, au afunge. Anayeangushwa ni yule anayevunja kusudi na hana habari ya kujuta. Ukiziweka kurasa hizo mbili pamoja, 1978 na 2014, miaka 36 katikati, zinasema karibu kitu kimoja. Mimi hilo lilinishangaza.

Tatizo lenyewe, nadhani, ni la tangu utotoni mwa mchezo. Vile vijitabu vya kwanza vya 1974 havikuwa na wema wala uovu kwenye mwelekeo. Kulikuwa na utaratibu, vurugu, na walio katikati, kama majeshi, unasimama upande gani vita ikianza. Mengi ya hayo yalitoka kwenye riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, ile ya Mdenishi anayejikuta kwenye dunia ya hadithi za Charlemagne, farasi na silaha tayari vinamsubiri. Paladini alipoingizwa mwaka 1975, kwenye nyongeza ya Greyhawk, alitakiwa kuwa mtu wa utaratibu tu. Februari 1976 ndipo Gygax akaandika makala kwenye jarida la The Strategic Review akaongeza mstari wa pili, wema na uovu, na kutoka hapo maskini paladini ana mabwana wawili. Siku wakikubaliana, raha. Siku sheria ya mji inaposema mtoto ni mali ya shamba, basi bwana mmoja lazima akasirike, na huo ndio usiku mtu anauliza swali langoni.

Wewe uliyesoma falsafa utaniambia habari za Kant, najua, usianze. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikugongea mlango kuuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Nilimwambia Zuhura. Akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema baba yake kafundisha madrasa maisha yake yote pale Tanga, na kitu cha kwanza alichowafundisha kuhusu uongo ni kwamba ni haramu, na cha pili ni yale mambo matatu yaliyoruhusiwa katika hadithi: vitani, kusuluhisha watu, na baina ya mume na mke. “Sasa watoto chini ya magunia na askari wenye mikuki,” akaniuliza, “hiyo unaiitaje, harusi?”

Nikakosa la kusema.

Lakini Jabiri, hapa ndipo kilipo kiini cha barua. Wote wawili wanabishana kuhusu roho ya Mwanaisha, na hakuna aliyejiuliza kwa nini lango lilifunguka. Mimi ndiye niliyelifungua, kwa hiyo najua. Mkuu wa lango hakupekua magunia kwa sababu aliyejibu ni mmoja wa Ndugu wa Mwenge, utawa wa kina Mwanaisha, na Ndugu wa Mwenge hawadanganyi. Sikumrushisha Zuhura dadu, Mushi analalamikia hilo pia, lakini dadu ya nini? Mia mbili nzima za miaka (ni wewe uliyeandika mia mbili kwenye daftari) watu wa utawa ule wamekuwa wakisema kweli hata ilipowaua, mpaka neno lao likawa linapita malangoni bila kupekuliwa. Mwanaisha aliitumia akiba hiyo, na hakuiweka peke yake. Neno moja, imekwenda.

Kwa hiyo mimi simnyang’anyi kitu kwenye karatasi. Mikono iponye, farasi aje akiitwa. Ninachotaka ni dunia imdai. Bwana wa chumvi atajua, watumwa watano hawayeyuki. Mkuu wa lango, ambaye nilimpa mke na deni usiku ule ule ili awe mtu, atachapwa viboko hadharani na kufukuzwa, kwa kosa la kumwamini paladini. Na safari ijayo ndugu mwingine wa utawa ule, mzee wa watu mwenye mkokoteni wa dawa kweli, atafika lango lile lile, atasema kweli, na watamwaga magunia yake yote chini kwenye tope huku mgonjwa anasubiri ng’ambo. Mwanaisha atakuwepo, ataona. Sitamwambia Zuhura ajisikie nini. Watoto watano wako huru na ni kwa sababu yake, hilo pia nitamwonyesha: yule mdogo kabisa nimepanga aanze kuongea, maana tangu shambani hakutoa sauti.

Unaona tofauti? Msimulizi anayefuta nguvu za mtu anakuwa hakimu, na mchezaji anabaki kumtazama hakimu usoni kila anapotaka kufanya jambo. Nimeshakaa meza za namna hiyo. Paladini anakuwa hafanyi kitu mpaka aulize, “Nikifanya hivi nitaanguka?” Anageuka karani wa roho yake. Lakini na hii ya siku hizi ya kuachia kila kitu mimi hainikai sawa. Tangu toleo la 2008 paladini anaweza kuwa na mwelekeo wowote ule, na kile Kiapo cha Kisasi kinaruhusu kabisa kumwandama adui kwa njia yoyote itakayofaa. Sawa, kuna hadithi nzuri humo, Mwaipopo angependa. Ila kiapo ambacho hakuna mtu duniani anakukumbusha… siyo kiapo, ni pambo la deraya. Wenzetu wa Pathfinder, mchezo unaofanana na wetu, mwaka 2023 wameufuta mwelekeo wa maadili moja kwa moja, na nasikia meza hazijaanguka. Mimi siulilii. Ninachotaka ni yule aliyeapa agharimike kwa kuapa, na gharama aione inakuja, isimvizie.

Ambalo linanirudisha kwa Mushi. Na kwako.

Usijifanye umesahau lile pango. Maorki, wale viumbe maadui, wameuawa wote, Mushi na paladini wake wa kwanza, yule Gadiel, wanaingia chumba cha ndani, na wewe, kwa sauti ya upole kabisa, ukasema kuna watoto wa maorki kumi na wawili kwenye majani. Akawaua: ukamwambia ameua wasio na hatia, ameanguka. Kumbuka kabla hajarusha dadu alikuuliza, na wakiachwa je? Ukamwambia watakufa njaa au watakua wachome vijiji, na damu itakuwa juu yake, ataanguka. Tulicheka sote. Mushi alicheka pia, ila alikunja ile karatasi ya Gadiel akaitia mfukoni, na nilimtembelea mwezi uliopita, bado anayo kwenye droo pamoja na vyeti vyake vya shule.

Ulikuwa mtego, Jabiri. Mtego mzee, wasimulizi wa dunia nzima wanautega. Gygax mwenyewe, miaka michache kabla ya kufariki Machi 2008, alipoulizwa na wachezaji kuhusu paladini na mateka waliojisalimisha, alijibu kwamba kuwaua si kosa kwa paladini, tena akaegemea ule msemo kwamba mayai ya chawa huwa chawa. Ule msemo unahusishwa na Kanali John Chivington, aliyeongoza askari kwenye mauaji ya Sand Creek kule Colorado, tarehe 29 Novemba 1864, ambako Wacheyenne na Waarapaho waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Nilipolijua hilo nilikiweka kitabu pembeni nikaenda kununua vocha ambayo sikuihitaji. Yaani mtu aliyetutungia paladini, shujaa wa wanyonge, alipobanwa na swali akatoa jibu la muuaji wa watoto. Sijui nilifanye nini hilo. Siachi mchezo kwa ajili yake. Lakini meza yangu haitakuwa na maorki waliozaliwa waovu, hilo limekwisha.

Kwa hiyo Mushi hatafuti haki, anatafuta fidia. Yeye alianguka kwa jambo ambalo halikuwa na njia ya kusimama, na sasa anamwona Zuhura anapita lango akiwa na njia tatu, anachagua moja, na hakuna radi. Ningekuwa yeye ningeudhika pia. Ndiyo maana nikisema tu “hajaanguka, tuendelee”, nitakuwa nimemkosea mtu mwingine pale mezani ambaye hata hajui kwamba anadai.

Ombi langu ni hili. Jumamosi saa mbili usiku kwetu, ambayo kwenu itakuwa saa sita mchana, nataka uingie kwa simu. Dakika 20 tu. Nataka uwe Mzee Kikohozi. Ndiyo, yule yule, kasisi wa mnara wa kaskazini, na sauti ile ile ya kukaukiwa, ukikohoa kabla ya kila jambo zito. Mwanaisha atakuja kwako kuungama, Zuhura ameshakubali, anasema hajutii lakini ana la kusema. Mimi siwezi kuwa kasisi, maana ndiye niliyekuwa mkuu wa lango, itakuwa naungamisha kesi yangu mwenyewe. Na kitubio sitaki kukuambia ukitoe gani. Utawa huu ni wa kwako, uliutunga kwenye daladala la Mwenge na jina likanata. Wewe ndiye unayejua Mzee Kikohozi angesema nini kuhusu watoto watano na neno la ndugu la miaka 200.

Halafu, na hili ndilo zito, Mushi atakuwa kwenye chumba hicho hicho. Mpiganaji wake ndiye anayemsindikiza Mwanaisha hadi mnarani. Nilikuwa nafikiria, kama ikitokea Mzee Kikohozi akamtazama yule mpiganaji, akamuuliza kama aliwahi kumjua ndugu mmoja aitwaye Gadiel… Siandiki zaidi. Utaona mwenyewe ukifika.

Sasa nijibu haraka, siyo kwa mtindo wako wa dole gumba baada ya wiki. Jumamosi unaweza, au bado una ile zamu ya mchana? Kitubio utampa kipi, kufunga, kukesha, au umtume arudi langoni akamkabili mwenye kuchapwa? Unadhani akirudi na kusema kweli, watoto watafuatwa, na je, hilo unaruhusu? Yule bwana wa chumvi ulimpangia mwelekeo gani kwenye daftari, mbona ukurasa wake umechanwa? Gadiel alikuwa na dada, au nimeota? Na wewe pale pangoni, ukweli wako, kulikuwa na jibu lolote ambalo ungelikubali? Lake Geneva alikoishi Gygax si iko jimbo hilo hilo la Wisconsin, umeshafika au unasubiri ule mkutano wa wachezaji wa Machi? Mama yako nimwambie unarudi Desemba au nisimwambie kitu?

Na dadu yangu ya kijani, ile ya pande ishirini, iko kwenye begi lako au siyo?

Wako,
Elia